Nafasi ya Hakorimana

Jina la kwanza katika wimbo wa Rubaya lilikuwa Hakorimana, na pale mjini Walikale hakuna aliyejua kama mwenye jina bado anakula chumvi au alishaoza. Hilo ndilo lililomleta Mama Kaswera nyuma ya depo asubuhi ya Jumatano, viatu mkononi kwa sababu ya matope, akamkuta Athanase ananyoosha waya wa breki ya pikipiki juu ya goti.

"Papa Athanase. Baliniambia unatengeneza gita ya harusi."

"Njo hii, mama. Waya nene ilikatika. Natia ya breki."

"Itaimba?"

"Inaimbaka. Inakamata kutu mbio, lakini inaimba."

Consolée, mke wa Athanase, alifuta kiti kwa kitenge chake akakisogeza. Mama Kaswera alikitazama kiti, hakukaa. Depo ilikuwa yake. Malori yaliyoleta chumvi na sabuni kutoka Butembo yalikuwa yake. Chumba cha mbao kilichoegemea ukuta wa depo, ambamo Athanase na mkewe walilala tangu walipokimbia vita Rubaya, nacho kilikuwa chake. Hawakukilipia. Athanase alilinda depo na kufagia uwanja, na wageni wakizidi Consolée aliitwa kuosha sufuria. Mtu anayelala bure, mwenye nyumba akisimama naye husimama. Basi Athanase alisimama, waya mdomoni.

"Jumamosi Elisabeth wangu anaolewa," alisema Mama Kaswera. "DJ iko. Lakini kuko na bazee, na padri anakuja. Bale banataka gita kavu, bila spika. Utabapigia ile ya Rubaya."

"Nitaipiga."

"Ile libanga ya kwanza utaondoa. Utatia yangu."

Athanase alitoa waya mdomoni.

Mwanamuziki wa huko hasifu mtu bure. Unampa kitu, naye analitupa jina lako ndani ya wimbo kama jiwe ndani ya mto, na watu wote wanasikia lilipoangukia. Ndiyo maana wanaita libanga, jiwe. Rubaya, kwenye vilima yanakochimbwa mawe ya koltani, Athanase alitupa majina ya wachimbaji kwa chupa moja ya bia, ya wanunuzi kwa shati, ya mganga mmoja kwa kuku. Alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba juu ya nyaya nene na cha shahada juu ya nyembamba, na mtu aliyekuwa nje ya ukuta aliapa kwamba ndani wako wapigaji wawili. Lakini Hakorimana hakutoa bia wala kuku. Hakorimana, mnunuzi wa mawe, alimkuta Athanase anapiga gitaa la kuazima lenye tumbo lililopasuka, akaenda Goma, akarudi na gitaa jipya begani. Ndilo hili.

"Mama, ile jina njo ilinunua hii gita."

"Na mwenyewe iko wapi? Batu ba Rubaya bamejaa humu. Banasema alibakia kule juu na benye bunduki, anabaonyesha nyumba ya benye mali. Unataka harusi ya mutoto wangu bapige mawe?"

"Sijue kama ni kweli."

"Hata mi sijue. Njo maana uiondoe." Mama Kaswera alianza kuvaa kiatu kimoja, akaona matope, akaacha. "Na kama kazi inakushinda, papa, si vibaya. Kuko basentinelle wengi ba kulinda depo benye banatafuta fasi ya kulala."

Aliondoka akichagua mawe ya kukanyaga. Consolée alikaa kwenye kile kiti.

"Tia jina yake," alisema.

"Unasema kama natia chumvi."

"Haiingie?"

Athanase alikaza waya wa breki, akaujaribu kwa gumba. Kisha akapiga mwanzo wa wimbo. Gumba lilishuka ngazi ya sauti, hatua kwa hatua, cha shahada kikicheza juu yake kama mtoto anayemzunguka baba yake njiani. Na mwishoni gumba lilisimama. Palikuwa na nafasi hapo. Athanase alikuwa ameikata nafasi hiyo kwa kipimo cha jina moja, kama fundi anavyokata mlango. Consolée alihesabu kwa vidole vyake, midomo ikienda bila sauti. Ha-ko-ri-ma-na. Ma-ma-Ka-swe-ra.

"Inaingia," alisema.

"Inaingia," alikubali Athanase, na hilo ndilo lililomkasirisha. Alitaka isiingie.

Mwalimu wake, Grégoire wa Kibua, mwindaji aliyepiga gitaa wakati mitego ikingoja wanyama, alikuwa amemwachia sheria chache. Jina lililolipwa haliondolewi wimboni mwenyewe akiwa hai. Mwenyewe akifa, unalegeza waya mnene, ule wa gumba, unauacha hivyo mpaka matanga yaondolewe. Gitaa nalo linafiwa. Athanase alizishika sheria hizo miaka yote, na hazikumsumbua, kwa sababu siku zote alijua nani yuko hai na nani amekufa. Sasa mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye sikio la gitaa, kigingi cha kukazia waya, unashika, unaacha. Kulegeza ni kumuua mtu. Kutolegeza, labda, ni kumnyima maiti haki yake. Na kama Hakorimana ni msaliti? Grégoire hakufundisha kitu juu ya msaliti. Wakati wa Grégoire watu waligombania nyama na wanawake tu.

"Wewe unasema iko hai?" aliuliza Consolée.

"Mi sisemi kitu."

"Sema kitu, bwana yangu. Jumamosi inakuja."

Wabebaji wa mizigo walikaa mbele ya depo wakingoja lori. Wengi walikuwa watu wa Rubaya; huko walibeba mawe, hapa walibeba chumvi. Mwenye sauti kubwa alikuwa Archange, mwanaume mpana aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye jua, na aliyejua kumchekesha mtu na kumtukana kwa sentensi moja.

"Muzee wa vidole viwili," alisema Archange, Athanase alipopita na fagio. "Kuya hapa. Baliniambia Jumamosi utapiga Rubaya."

"Waliniomba."

"Na utatupa ile jina?"

Athanase aliegemea fagio. "Jina gani?"

"Usinifanye mutoto. Ukiitupa, hiyo gita Mama Consolée atapikia maharagi. Nakuambia kama rafiki."

"Archange, wewe ulimuona na macho yako? Kule, na bale benye bunduki?"

"Mi? Batu balimuona."

"Batu gani?"

"Batu."

"Mi nilisikia walimupiga risasi," alisema mwingine, mzee mwembamba aliyekuwa anakula ndizi. "Juu ya kukatala kubapa mawe."

"Haapana," alisema wa tatu. "Iko Kampala. Shemeji yangu alimuona mu hoteli. Amenenepa, anakunywa bia ya baridi."

"Shemeji yako alifanya nini mu hoteli ya Kampala? Alikuwa anaosha miguu ya bageni?"

Walicheka. Archange hakucheka. "Iko na benye bunduki," alisema. "Naapa. Ni yeye alibaonyesha njia. Musiniulize tena." Hakuna aliyekuwa anamuuliza tena. Alivuta kofia, akainuka, akaenda kutazama barabara kama lori linakuja. Lori halikuwa linakuja.

Athanase alifagia uwanja mpaka mwisho, akarudi akafagia alipokwisha fagia. Watatu, kila mmoja na Hakorimana wake. Alipojaribu kumkumbuka yule wa kweli aliona jino la mbele lililovunjika kona, na namna alivyosikiliza muziki, mgongo kwa mpigaji, uso ukutani, eti macho yanaharibu masikio. Mtu wa namna hiyo anaweza kuonyesha nyumba za watu? Anaweza. Anaweza pia kukataa. Jino halisemi kitu.

Alhamisi, Consolée akichambua maharagwe mlangoni, mwanamke alisimama kando ya ukuta akasalimia kwa sauti ndogo. Alikuwa na kitambaa kichwani kilichoshuka mpaka nyusi. Consolée alimtazama, akatazama huku na huku, kisha akamvuta ndani kwa mkono kabla hajamjibu salamu.

"Mama Nishimwe."

"Usinitaje sana," alisema Nishimwe.

Alikuwa mke wa Hakorimana. Rubaya alikuwa na duka la vitenge, na Consolée alimuona kwa mbali tu, kama unavyomuona mtu wa kanisa la wenye viatu. Sasa alilala darasani na wakimbizi wengine, na pale darasani alisema yeye ni mjane wa mwalimu, kwa sababu alisikia yanayosemwa juu ya bwana yake na hakutaka kupigwa.

Athanase alijua amekuja kuomba nini. Akamtangulia. "Mama, usiogope. Jina nitaliondoa. Mama Kaswera alishaniambia."

"Njo nilisikia. Nimekuja kukuomba uitupe."

Consolée aliacha maharagwe.

"Alitoka Rubaya kabla ya njia kufungwa," alisema Nishimwe. "Alishika njia ya Kibua, na muzigo, na mubebaji mmoja mwenye alimukodi palepale ku kilima. Alisema akifika atanituma muntu. Muntu hakukuya. Ule mubebaji simujue, hata jina. Lakini kama ni hai atakuwa humu. Batu bote ba ile njia bamefikia humu." Alikunja mikono ndani ya kitenge. "Harusi ya Mama Kaswera, nani hataenda? Watu wa Rubaya bote watakuwa pale. Utupe jina. Mi nitaangalia sura za batu. Muntu mwenye anajua, mwili yake itasema hata kama mudomo imefunga."

"Na mwili ya bwana yangu?" aliuliza Consolée. "Bakimupiga?"

"Sijue."

"Wewe unatafuta bwana yako, mama. Sisi tunatafuta fasi ya kulala. Ile ukuta unaegemea ni ya Mama Kaswera."

"Niko najua."

Athanase aliuliza alichotaka kuuliza tangu Jumatano. "Mama, wewe unafikiri nini? Ni kweli alienda kwao?"

Nishimwe hakukasirika, na hilo lilimsumbua Athanase zaidi kuliko kama angekasirika. "Siku zingine nasema haiwezekane. Siku zingine naamini. Alikuwa anapenda mali yake. Muntu mwenye anapenda mali anaweza kufanya kitu na usiku alale. Nilikaa naye ndani ya nyumba moja na sijue." Alisimama. "Kama ni mubaya, nijue ni mubaya. Kama amekufa, ninyoe kichwa. Sasa nimekaa kama nguo mwenye imeanikwa, hapana mvua, hapana jua."

Consolée alimfungia maharagwe kidogo kwenye jani. Nishimwe alipokwisha kwenda, Consolée alikaa muda mrefu bila kuchambua.

"Usitupe," alisema. Kisha baadaye, akiwa ameinamia moto: "Masikini."

"Njo unasema nini sasa?"

"Nasema usitupe. Na nasema masikini. Siwezi kusema yote mbili?"

Uwanja wa Mama Kaswera Jumamosi ulijaa mpaka barabarani. Turubai lilifungwa kutoka depo hadi shina la mti wa parachichi, padri alikaa penye kivuli kizuri, na Elisabeth, ndani ya gauni jeupe lililopanda lori kutoka Butembo katikati ya magunia ya chumvi, alitoka jasho akitabasamu. Athanase alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti. Mtu wa kamati mlangoni alilitazama gitaa.

"Banamuziki wanapitia nyuma, papa."

"Mi nalalaka hapa."

"Hata hivyo."

Alipitia nyuma, palepale alipotoka. Chakula kilipogawiwa, walikula wageni, wakala madereva, wakala wapiga picha, na sahani ya Athanase ilipofika ilikuwa wali na mchuzi, nyama ilikwisha. DJ, kijana aitwaye Merdi, alikuwa na maspika yenye urefu wa mtu. Athanase alipomsogelea kuuliza zamu yake, Merdi alitoa sikio moja nje ya kifaa chake cha kusikilizia.

"Muzee, hiyo haina prize ya kutia mu umeme?"

"Haina."

"Basi itasikilikana na nani? Na panya?" Hakusema kwa ubaya, alicheka, akampa soda. "Ngoja. Nitakuita."

Hakumwita. Jenereta ndiyo iliyomwita. Ilikohoa mara mbili katikati ya wimbo, ikazima, na watu waliokuwa wanacheza wakabaki na mikono hewani. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na aliyetumwa kununua mengine alikuwa amelewa chini ya lori. Mama Kaswera alipita kati ya viti akinong'ona huku na huku, kisha akamnyooshea Athanase kidole. Kidole kile kilisema vyote viwili: piga, na usisahau.

Athanase alikaa kwenye kreti ya bia, akaweka goti juu, akaanza.

Mwanzoni waliongea tu. Kisha wa karibu walinyamaza, halafu wa nyuma yao, kama moto unavyoshika nyasi. Waya wa breki ulikuwa na sauti ya ukali kidogo, kama mtu mwenye mafua, lakini gumba lilitembea. Watu wa Rubaya walianza kusogea kutoka kwenye kingo za uwanja, walipokuwa wamesimama kwa sababu hawakupewa viti. Aliwaona wabebaji. Aliona kofia ya Archange, na sahani ya Archange yenye nyama, kwa kuwa wabebaji walipakua vyakula na walijipakulia. Aliona kitambaa kilichoshuka mpaka nyusi, kando ya nguzo. Consolée alikuwa na wanawake wa sufuria, mkono mdomoni.

Gumba lilianza kushuka ngazi. Athanase bado hakujua. Alikuwa amelala siku tatu na swali na kuamka nalo, alifikiri likifika kwenye mlango litajijibu lenyewe. Hai? Tupa. Maiti? Waya ungekuwa umelegezwa. Msaliti? Mama Kaswera? Gumba lilifika chini, likasimama, na mdomo wa Athanase ukafunguka na hakikutoka kitu.

Nafasi ilibaki tupu.

"HAKORIMANA!" walisema watu wa Rubaya.

Walisema wote kwa pamoja, wanaume na wanawake, kama wanavyoitikia kanisani bila kufikiri. Miaka yote kwenye vilima waliusikia wimbo huo, na mahali hapo palikuwa na jina hilo, na midomo yao ilijua njia. Walipolisikia ndipo walipojua wamelisema. Watu wazima walitazamana kama watoto waliokamatwa na sukari mdomoni.

"Nani alisema?" aliuliza mzee mwembamba.

"Si wewe?"

"Mi nilikuwa natafuna."

Mtu alicheka, mwingine akamzuia. Athanase hakusimamisha vidole. Angesimama asingeweza kuanza tena. Alimwona Mama Kaswera mdomo umekazana. Alimwona padri akiuliza jambo na jirani yake akitikisa kichwa. Na aliona sahani. Archange alikuwa ameiweka chini, matopeni, nyama yote juu yake. Hakuweka kwa hasira. Aliiweka polepole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akageuka, akatoka akipita kati ya pikipiki. Kati ya watu wote wa Rubaya uwanjani, mdomo wake tu haukuwa umesema kitu. Mbebaji haachi nyama. Kitambaa kando ya nguzo nacho hakikuwapo tena.

Wimbo uliporudi kwenye mlango ule mara ya pili, Athanase alitupa, "Mama Kaswera." Liliingia vizuri, halikugusa ukuta. Wageni walipiga makofi. Watu wa Rubaya walitazama miguu yao.

Asubuhi ya Jumapili Nishimwe alikaa mlangoni mwao, kichwa kimenyolewa. Kilikuwa na vidonda vidogo vya wembe, alijinyoa mwenyewe.

Consolée alikitazama kichwa kile. Alitandika mkeka, akakoka moto uwanjani, ule wa matanga usiopikiwa kitu, akakaa karibu naye. Athanase alikaa upande wa pili na gitaa, kwa kuwa hakujua aweke wapi mikono.

"Ni Archange alikuwa mubebaji," alisema Nishimwe. "Nilimufuata mpaka ku mto. Hata sikumuuliza. Alianza kusema mwenyewe." Aliongea bila kulia, kama anasoma. "Risasi ilitoka mu miti, upande ya Kibua. Hakorimana alianguka. Archange alikimbia na muzigo. Hakurudia. Alimuacha pale ku njia, hata jani hakumufunika. Muzigo aliuzisha. Kisha akaona haya, akaona batu watamuuliza, njo alianza kusema bwana yangu iko na benye bunduki. Muntu mwenye iko na benye bunduki, nani atamutafuta?"

"Nani njo alipiga?" aliuliza Athanase.

"Hajue. Ilitoka mu miti. Pale kuko kila namna ya batu."

"Na alikuwa anaenda wapi na ule muzigo? Kwa nani?"

"Hata ile hajue. Hakorimana hakumuambia." Alimtazama Athanase. "Unataka nikuambie alikuwa muntu muzuri?"

Athanase alitazama gitaa lililokuwa gotini mwake.

"Alinunua gita," alisema Nishimwe. "Ile njo najua."

Walisikia hatua nzito. Archange aliingia uwanjani na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda wa kubebea ukiwa umekaza paji la uso, kofia haipo. Alizishusha karibu na moto, akazipanga, akasimama. Hakuna aliyemwambia kaa. Hakuna aliyemwambia toka. Consolée alimtazama Nishimwe, Nishimwe alitazama moto, na Archange, baada ya kusimama kiasi ambacho mtu anaweza kusimama, alienda kukaa mbali, mgongo kwenye ukuta wa depo.

Ndipo Mama Kaswera alipofika kutoka misa ya kwanza, rozari bado mkononi. Alikuwa ameanza kuongea kabla hajafika. "Papa Athanase, jina yangu mara moja, yake bakaitupa batu bote, mbele ya padri, na mi nilikuambia waziwazi, kwa hiyo leo—" Akaona moto. Akaona kichwa.

"Ni nani?"

"Ni muke wa Hakorimana," alisema Consolée. "Tumepata habari. Ni matanga."

Mama Kaswera alisimama. Alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa kama mabaksi ya sabuni, na sasa hapakuwa na mahali pa kuyashushia. Mwenye nyumba hatoi watu kwenye nyumba yenye moto wa matanga. Hata Butembo hawafanyi, hata hapa, hata kwa asiyekuwa mkristo. Akifanya hivyo, matanga hayo yatamfuata mwenyewe nyumbani, na yeye alikuwa na binti aliyeolewa jana. Alivua viatu. Alimpa Nishimwe mkono, akasema pole, na Nishimwe akasema aksanti.

"Nitatuma sukari," alisema. Kisha akamgeukia Athanase, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana. "Mutakaa mpaka matanga iondoke. Kisha tutaongea."

Alivaa viatu, akaondoka.

Walisikia mlango wa depo ukifungwa. Consolée alichukua ukuni mmoja mnene wa Archange, akautazama, akauweka kando kwa ajili ya siku za mbele, akatia motoni mwembamba.

"Basi hii matanga tuilie polepole," alisema.

Nishimwe alitoa sauti. Athanase alidhani ni kilio, kisha akadhani ni kicheko, hakujua ni kipi, na labda hata mwenyewe hakujua. Akashika sikio la gitaa, akazungusha mpaka waya wa breki ukalala juu ya mbao, mpya bado, haujapata hata kutu. Sheria ya Grégoire ilikuwa imetimia. Lakini mikono haikuwa na kazi nyingine, na baada ya muda kidole cha shahada kilianza kuutafuta ule wimbo kwenye nyaya nyembamba, taratibu; na gumba, ambalo halikuwa limepata habari, liliendelea kushuka ngazi kama kawaida, likigonga waya usioitika.